BAMBA LA TAJIRI, KIFUNGO CHA DEREVA

Siku hizi kuna neno moja tamu katika midomo ya matajiri wenye magari. Neno lenyewe ni "kuboresha." Mwenye matatu asema ameliboresha gari lake. Mwenye lori asema vivyo hivyo. Mwenye Probox ya kubeba miraa usiku na abiria mchana, yeye naye hayuko nyuma. Ukimwuliza ameboresha kitu gani, atakujibu kifua mbele: "Nimeongeza springi. Sasa gari ni gumu, lashika barabara kama kupe."

Sisi madereva, makondakta, maturniboi na mafundi wa gereji twasema hapana. Springi iliyoongezwa kwa namna ile haikuongezwa ili gari lishike barabara. Imeongezwa ili gari libebe zaidi. Tajiri ameongeza mapato yake, kisha akayaita usalama wetu. Na siku gari litakapolala ubavu katika kona, tajiri hatakuwamo ndani. Atakuwamo dereva, naye akitoka mzima ataulizwa alikuwa akienda mwendo gani.

Kwa hiyo leo twataka kulieleza jambo hili pole pole, kwa hesabu na kwa sheria, ili mwanachama ye yote atakapoambiwa "gari limeboreshwa" ajue la kuuliza.

KAZI YA SPRINGI NA KAZI YA SHOKOMZOBA

Springi hubeba uzito. Gurudumu likipanda jiwe au likiingia katika shimo, springi hujikunja na kulipa gurudumu nafasi ya kupanda na kushuka, nayo bodi ikatulia. Lakini springi haijui kunyamaza. Ukiibonyeza hurudi, ikirudi hupita kiasi, kisha hushuka tena, na tena. Kazi ya kuinyamazisha ni ya shokomzoba. Ndani ya shokomzoba mna mafuta na vitundu vidogo. Gari likiruka, mafuta husukumwa kwa shida kupita katika vitundu vile, na ile nguvu ya kuruka hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana shokomzoba nzima huwa na joto baada ya safari ya barabara mbaya, na iliyokufa hubaki baridi.

Hivi viwili ni kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Huwezi kumbadilisha mmoja kwa fahali mwenye nguvu ukamwacha mwenziwe mgonjwa, kisha utarajie mfereji unyoke. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi kuliko springi laini. Shokomzoba iliyokuwamo ilipimwa kwa springi ya kwanza. Kwa hiyo tajiri akiongeza bamba asiguse shokomzoba, hata ile shokomzoba iliyokuwa nzima jana imekuwa dhaifu leo, bila ya kuvuja hata tone.

Tazameni springi za mabamba, zile za lori na za pikapu, ambazo mabamba ya chuma hulazwa moja juu ya jingine. Kama yako mabamba 5 yaliyo sawa, na fundi akaamriwa kutia la 6, ugumu wa springi umepanda kwa asilimia 20. Je, tajiri ameagiza shokomzoba ya kulingana na asilimia hizo? La. Ameagiza bamba la skrapu kutoka kwa gari lililokufa, akanunua yu-bolti ndefu, na kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

KONA HAIDANGANYIKI

Tajiri asema: "Lakini gari haliinami tena katika kona." Ni kweli, haliinami sana. Lakini kuinama ni jambo moja, na kupinduka au kuteleza ni jambo jingine.

Chukueni mfano wa hesabu. Tuseme gari pamoja na abiria lina uzito wa kilo 3,000, yaani kilo 1,500 kila upande. Kutoka tairi la kushoto hadi la kulia ni mita 1.5. Kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote ni kama umekusanyika, kiko mita 1 juu ya lami. Kona yenyewe ni sehemu ya duara, na kutoka katikati ya duara hiyo hadi barabarani ni mita 100.

Dereva akiipita kona hiyo kwa kilomita 60 kwa saa, karibu kilo 570 huhama kutoka matairi ya ndani kwenda matairi ya nje. Akiipita kwa kilomita 80 kwa saa, zinazohama ni karibu kilo 1,000. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini uzito unaohama umekaribia maradufu. Upande wa ndani sasa umebakiwa na kilo 500.

Sasa uondoeni mzigo wa kilo 450 sakafuni, muupandishe juu ya keria, mita 2 zaidi. Uzito wa gari ni ule ule, kilo 3,000. Lakini kitovu kimepanda hadi mita 1.3. Katika kona ile ile, kwa kilomita zile zile 80, zinazohama ni karibu kilo 1,300. Upande wa ndani umebakiwa na kilo 200. Hapo utelezi kidogo, shimo dogo, au mwendesha boda boda aliyeingia barabarani ghafula, na gari limelala.

Twauliza: katika hesabu hii springi iko wapi? Vinavyohesabiwa ni uzito, mwendo, urefu wa kitovu na upana wa matairi. Springi ngumu hupunguza kule kuyumba kwa bodi, na hilo lina faida yake ndogo, lakini zile kilo karibu zote zitahama vile vile. Na kama fundi ametumia bamba au vipande vya chuma kuliinua gari juu, kitovu nacho kimepanda, na hali imekuwa mbaya kuliko kwanza.

Tena kuna hatari nyingine. Gari linaloinama humwonya dereva mapema. Mgongo wake wahisi, mikono yahisi, naye hupunguza mwendo. Ukiondoa kule kuinama bila ya kuondoa hatari yenyewe, umemziba mdomo askari wa usiku na kumwacha mwizi ndani ya boma. Dereva wa gari gumu hupata habari ya kona wakati habari yenyewe imekwisha chelewa.

Wala tusisahau kwamba bamba la tajiri hutiwa nyuma tu, kwa sababu mzigo uko nyuma. Nyuma ikiwa ngumu na mbele ikabaki kama ilivyokuwa, matairi ya nyuma ndiyo hubebeshwa sehemu kubwa ya ule uzito unaohama. Mkia wa gari huanza kuteleza kwanza. Na mzigo ukipita nyuma ya ekseli ya nyuma, mbele huinuka na usukani huwa mwepesi kama wa baiskeli. Madereva wa Probox wajua vizuri twasema nini.

Tangu Februari 2004, chini ya zile kanuni ambazo watu wote huziita za Michuki, matatu zimetakiwa kuwa na spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Kanuni hizo tulizipokea, na mikanda yake tulifunga. Lakini spidi gavana haijui kona. Kilomita 80 katika barabara iliyonyooka ya Mombasa ni kitu kimoja, na kilomita 80 katika mteremko wa Mai Mahiu au katika kuteremkia daraja la Nithi ni kitu kingine kabisa.

"BARABARA ZETU ZATAKA SPRINGI NGUMU"

Huu ndio utetezi wa pili wa matajiri, nao umeenea hata kwa baadhi yetu. Wasema: barabara ni mbaya, mashimo ni mengi, kwa hiyo gari gumu ndilo dawa.

Basi tuulize historia ya nchi hii yenyewe. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, nayo yalipita katika murram, matope na mawe ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Magari hayo hayakujulikana kwa ugumu. Yalijulikana kwa ulaini: springi zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na shokomzoba imara za kuzituliza. Ndugu yake 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Na wazee wetu watakumbuka kwamba Peugeot hizo hizo ndizo zilizobeba abiria kwenda Nakuru, Kisumu na Nyeri kwa miaka mingi, katika barabara ambazo leo kijana angezikimbia.

Sababu si uchawi. Tairi hushika barabara likiwa limeigusa. Tairi lililo hewani halina breki wala usukani. Gari gumu likipita juu ya matuta madogo madogo, yale mawimbi ya murram, gurudumu halipati nafasi ya kufuata ardhi, bali hurukaruka juu ya vichwa vya mawimbi. Dereva akikanyaga breki, nusu ya breki yake iko hewani. Akigeuza usukani, gari lachelewa kutii. Gari laini lenye shokomzoba nzima hulipeleka gurudumu chini kila mara, nalo hukaa na ardhi.

Kwa hiyo jibu la barabara mbaya ni springi iliyopimwa na kiwanda, shokomzoba nzima, na mzigo wa haki. Anayetaka springi ngumu kupita hapo si kwa ajili ya barabara. Ni kwa ajili ya magunia.

Na hao hao wanaolalamikia mashimo, nani huyachimba? Huko Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, malori yalizungushwa katika barabara za majaribio usiku na mchana ili kupima jinsi uzito unavyoharibu lami. Ilionekana kwamba uharibifu hukua karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake ni hii: ekseli ya tani 8 ikibebeshwa tani 10, haiharibu barabara kwa robo zaidi, bali karibu mara mbili na nusu. Ndiyo sababu serikali iliweka mizani Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye. Tajiri aongeza bamba ili azidishe mzigo, mzigo wavunja barabara, barabara yavunja springi, naye aongeza bamba jingine. Huu ni mduara, na anayezunguka ndani yake ni turniboi na dereva. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa tajiri aliyeketi nyumbani, tani 2 za kuzidi ni kanda la usufi kweli.

MGONGO NAO NI MALI

Jambo hili la tatu halisemwi, kwa maana maumivu yake hayatoki damu. Lori lililoongezwa mabamba hupakiwa likienda, lakini mara nyingi hurudi tupu. Likiwa tupu, springi zile haziwezi hata kujikunja. Gari la springi laini hupanda na kushuka kama mara 1 kwa sekunde, na mwili wa binadamu wavumilia, maana ndio mwendo wa kutembea. Springi zikizidi kuwa ngumu na mzigo ukawa haba, mtikiso huwa wa haraka zaidi, na ule wa barabara wapita moja kwa moja hadi kitini. Mwili wa mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mitikiso ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa sababu hapo ndipo kiwiliwili na uti wa mgongo hutikisika pamoja nayo.

Dereva wa masafa akishafika miaka 45 asimame kama mzee wa miaka 70, watu husema ni kazi. Sisi twasema si kazi, ni kiti kibovu, shokomzoba zilizokufa na mabamba ya kuzidi. Mgongo wa mfanya kazi ndio shamba lake. Hakuna duka la kuununua mwingine.

SHERIA YASEMAJE

Matajiri wengi hufikiri kwamba wakiongeza bamba wameongeza haki ya kubeba. Si hivyo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 56, yasema gari lisitumiwe barabarani likiwa na mzigo mkubwa kuliko ule uliotajwa na watengenezaji wa chasisi, au ule uliokadiriwa na mkaguzi wa magari. Haisemi mzigo uliotajwa na mwenye gari. Haisemi mzigo uliotajwa na fundi wake. Bamba la 6, la 7 na la 8 halikuongeza hata kilo moja katika karatasi ya sheria.

Kifungu cha 55 cha sheria hiyo hiyo chataka gari na sehemu zake zote zitunzwe daima katika hali ambayo kuliendesha hakutaleta hatari kwa watumiaji wengine wa barabara wala kwa waliomo ndani. Shokomzoba iliyokufa ni sehemu ya gari. Bushi iliyolika ni sehemu ya gari.

Lakini sikilizeni vizuri, ndugu. Kifungu cha 58 chamtia hatiani anayeliendesha au kulitumia gari barabarani kinyume cha hayo. Anayeliendesha! Asubuhi tajiri hutoa amri kwa simu, na jioni dereva huandikiwa mashtaka kwa kalamu. Mbele ya hakimu, dereva hawezi kusema "niliambiwa tu." Ndiyo maana tumekiita kichwa cha habari hii kifungo cha dereva.

Lakini pia iko sheria ya upande wetu, nayo wengi hawaijui. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanya kazi aripoti kwa mkubwa wake hali yo yote ambayo ana sababu ya haki kuiona kuwa ya hatari kubwa. Na mpaka hatari hiyo iondolewe, mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha kurudi mahali hapo pa hatari. Je, mahali pa kazi pa dereva ni wapi, kama si kiti cha gari lake? Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa kwa haki kazini, ya kuingia chama, na ya kugoma. Haki hizi hazikuletwa na upepo. Fred Kubai alipokuwa akiwakusanya wafanya kazi wa magari hapa Nairobi katika miaka ya 1940, hakuwa na sheria kama hizi za kumlinda, na mwaka 1950 yeye na Makhan Singh walikamatwa. Sisi tulio na sheria mkononi tutaogopa kitu gani?

KUBORESHA KWA KWELI

Mtu asije akasema chama chapinga gari kuwa bora. Twapinga uongo tu. Anayetaka gari litii usukani na litulie katika kona, afanye haya, tena kwa mpango huu.

1. Aanze na matairi. Matairi yawe na kashata, yawe ya aina moja katika ekseli moja, na upepo upimwe asubuhi kabla ya safari. Hakuna springi duniani inayoweza kusaidia tairi kipara.

2. Aangalie bushi, pini za springi na jointi za usukani. Bushi ikilika, ekseli ya nyuma hujigeuza yenyewe kidogo kidogo katika kona, na dereva hupigana na usukani asijue adui yuko wapi. Bushi ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha hii, na ndicho husahauliwa kuliko vyote.

3. Abadilishe shokomzoba mbili mbili, kushoto na kulia pamoja. Kwa gari dogo, jaribio ni rahisi: bonyeza pembe ya gari kwa nguvu, uiachie. Ipande, irudi, itulie. Ikiendelea kucheza, shokomzoba imekufa. Kwa lori, tazama mafuta yanayovuja, na tazama tairi lililoliwa mabaka mabaka.

4. Magurudumu yapangwe sawa kwa mashine, na ile fimbo ya stebilaiza iunganishwe tena. Fimbo hiyo ndiyo kiwanda kiliweka kupunguza kuinama katika kona bila ya kuifanya springi iwe ngumu barabarani. Na ni gereji ngapi ambamo fimbo hiyo imefunguliwa na kutupwa pembeni, kwa sababu kiungo chake kimevunjika na tajiri amekataa kununua kingine? Yeye huyo huyo ndiye alipaye bamba la kuongeza!

5. Springi iliyochoka ibadilishwe kwa springi ya namba ile ile ya kiwanda. Kama kazi yenyewe yataka springi nzito zaidi, zitiwe zilizotengenezwa kwa gari hilo, pamoja na shokomzoba zake, na mkaguzi alione gari.

6. Mzigo ushuke kutoka kwenye keria, uingie ndani, ukae chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Jambo hili halina gharama hata ya shilingi moja, nalo hushinda mengi yaliyotajwa juu.

Mtaona ndugu kwamba katika orodha hii yote, bamba la tajiri halimo.

NA SISI KWA SISI

Chama kisichojisema wenyewe ni chama cha unafiki. Wako mafundi wetu ambao hukata springi ya koili kwa moto wa gesi ili gari la kijana fulani lishuke chini na lipendeze. Moto ule huua ugumu wa chuma karibu na pale palipokatwa, na springi fupi yaweza kuruka kutoka kitini pake gurudumu likishuka katika shimo. Wako wengine wanaochomelea bamba lililovunjika. Chuma cha springi kilipikwa na kupozwa kwa kipimo. Ndicho wahunzi wa jua kali hukipenda kwa panga na jembe, maana ni chuma kizuri. Ukikichomelea umekifanya kama kigae. Kitavunjika tena pembeni mwa ulipochomelea, na safari hii hakitachagua mahali.

Wako pia madereva wanaosifu gari gumu kwa sababu wapata safari moja ya ziada kwa siku. Twawaelewa. Hesabu ya jioni ni kubwa, na tajiri haitaki isipokuwa nzima. Lakini ndugu, fedha ya safari hiyo moja yaingia mfuko gani? Piga hesabu mwenyewe. Sehemu kubwa yaenda kwa tajiri, kidogo yako, na hatari yote ni yako.

TUNATAKA NINI

Twaomba kila tawi liyazungumze mambo haya katika mkutano wake ujao, na wajumbe wayapeleke katika majadiliano ya mkataba wa pamoja:

Kwanza, kila gari liwe na daftari la ubovu, lenye karatasi mbili. Dereva aandike kasoro, mwenye gari au msimamizi atie sahihi, nakala moja ibaki kwa dereva. Mdomo husahau. Karatasi haisahau.

Pili, fundi akiandika kwamba gari lisitoke, lisitoke. Asifukuzwe, wala kazi isipelekwe kwa fundi mwingine wa gizani.

Tatu, siku ambayo gari liko gereji kwa ubovu ulioandikwa, dereva na kondakta walipwe siku yao, na hesabu ya siku hiyo isidaiwe kesho yake.

Nne, bamba, springi au chuma cha kuinua gari kisitiwe pasipo idhini ya mkaguzi na pasipo shokomzoba za kulingana nacho. Kikitiwa kwa siri, fundi aripoti kwa tawi.

Tano, faini ya kuzidisha mzigo alioamuru tajiri isikatwe katika mshahara wa dereva.

Matajiri watasema haya ni magumu. Watasema biashara itakufa. Lakini biashara ambayo haiwezi kununua bushi na shokomzoba ilikufa zamani. Inatembea tu kwa nguvu ya roho zetu. Wala hatuombi sadaka. Twaomba gari ambalo kiwanda kilitengeneza, libebe mzigo ambao sheria imeruhusu, na limrudishe nyumbani yule aliyeondoka nalo alfajiri.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kuwasha moto, inama utazame chini ya gari lako. Hesabu mabamba. Papasa shokomzoba kama ina mafuta nje. Tikisa fimbo ya stebilaiza kama ipo. Kisha uandike uliyoyaona, na uilete nakala katika ofisi ya tawi. Dereva mmoja akiandika, tajiri atamwita mkorofi. Madereva mia wakiandika, itambidi anunue bushi.

Umoja ni nguvu.